Memsabu Ameacha Nyumba, Analala kwa Farasi

Kambini, kando ya Ziwa Naivasha
Jumatatu, Mfungo Tano

Kaka yangu Omari,

Shikamoo. Asalaam aleikum wewe na wote mliomo nyumbani. Mguu wa Mama unaendeleaje? Bado anaikataa ile dawa ya Kihindi? Mwambie mwanawe amesema akubali kupakwa, na asinifyonye, maana najua keshafyonya. Na wifi amejifungua au bado? Huku nahesabu miezi kwa vidole, na vidole vyenyewe vimekufa ganzi. Mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu. Navaa leso mbili, juu yake sweta kuukuu la Memsabu, na bado meno yanagongana. Kisicho kizima ni kichwa. Hakiumi, kimechanganyikiwa tu.

Barua yako niliipata kabla hatujatoka shambani. Umesema wazee wa Hamisi wamekuja tena kuomba nirudi kwa mume wangu, nawe umewajibu kuwa unangoja neno langu, na nikisema sitaki utadai talaka kabla ya Maulidi, mambo yaishe. Neno langu lilikuwa tayari, kaka. Nilikuwa nimekwisha kukuandikia kwa mkono wangu, kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, kwamba idai. Barua ile sikuipeleka posta. Sasa nakuandikia hii, na sijui hata itaishia wapi. Nisome polepole.

Unakumbuka nilivyoondoka. Hamisi aliporudi kutoka vitani Burma nilimpikia wali wa nazi, nikafukiza udi chumbani, nikatandika shuka ambazo hazijalaliwa na mtu. Akala, akashukuru, akachukua mkeka akaenda kulala barazani. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Mtongwe nzima ikawa inampita asubuhi amejilaza nje ya mlango wa mkewe. Kisimani wanawake wakaanza kuniuliza kwa sauti ya huruma nimemfanyia nini mume wa watu. Nilipomuuliza mwenyewe alinijibu, "Ndani joto." Basi. Miaka yote ile nimengoja, nikapewa maneno mawili.

Nikakimbilia kwako. Nawe, kaka, jioni ile ile ulinirudisha. Hamisi alikuja na wazee wake, mkanywa kahawa, mkaulizana habari za bei ya samaki, nikaitwa nijifunge leso niende. Hakuna aliyemuuliza neno. Sikulaumu. La, nakulaumu, acha niseme kweli. Ndiyo maana mara ya pili sikuja kwako, nikaenda kuomba kazi ya uyaya kwa huyu Memsabu, wakati ule wakikaa Likoni, na walipohamia bara nikapanda nao gari moshi. Haya unayajua. Nimeyaandika tena ili uone nilikuwa na macho gani nilipofika hapa ziwani.

Sasa sikiliza. Hawa watu shambani kwao wana nyumba ya mawe. Ina vioo kila dirisha, ina birika la kuogea ambalo mtu mzima analala akanyoosha miguu, ina jiko la chuma lisilozima. Siku moja Memsabu akaamka, akamwambia saisi, yaani mchunga farasi wao, Msomali aitwaye Jama, atandike farasi wote ila mmoja. Wawili wakapakiwa hema na masufuria. Mmoja akapanda Memsabu na mtoto mbele yake. Na mmoja, kaka, nikapandishwa mimi.

Usicheke. Nilikaa ubavu ubavu na buibui langu, nimeshika nywele za shingo ya farasi kwa mikono miwili, nasoma kila sura niliyoihifadhi. Jama alikuwa amemshika hatamu, na kila nikipiga ukelele alikuwa akimsemesha farasi Kisomali, nadhani akimwomba radhi. Bwana, mumewe, alibaki nyumbani. Alisimama mlangoni akitutazama, hakupunga mkono.

Nilidhani tunakwenda nyumba nyingine. Tulipofika naona maji mengi yamezungukwa na mafunjo, viboko wanakoroma, na uwanja wa majani chini ya migunga yenye magome ya manjano. Hapana bomba wala kibanda. Choo ni shimo alilochimba Jama, likazungushiwa gunia. Maji nateka kwa debe, napikia juu ya mafiga, moshi unanifuata kila ninapohamia. Farasi wanafungwa kwenye kamba moja ndefu iliyotoka mti huu hadi mti ule, na jioni kila mmoja anavalishwa mfuko wa shayiri mdomoni. Mahali penyewe ndipo hapo. Memsabu akavuta pumzi, akasema, "Mzuri sana." Nikamtazama nione kama ana homa.

Nikawaza sana, kaka. Mwanamke aache nyumba ya mawe aje alale majanini na viboko, kwa nini? Usiku wa kuamkia safari niliwasikia wakisemezana chumbani, sauti juu, kisha Memsabu akalia. Na hapa kambini akawa hali vizuri, anakaa kutazama njia tuliyojia. Nikaona nimeelewa. Huyu ametoka kwa hasira. Mwanamke wa kwetu angekwenda kwao, mumewe afuate na wazee kumwomba. Huyu kwao ni ng'ambo, hana kaka wa kumkimbilia wala shangazi, basi kakimbilia ziwani. Nikamhurumia mpaka nikamwekea sukari yangu kwenye chai yake. Na nikajiwekea nadhiri: huyu mume akija kumchukua, hatamchukua kama nilivyochukuliwa mimi.

Akaja kweli. Ilikuwa baada ya adhuhuri, Memsabu na mtoto wamekwenda ufukoni kutazama ndege. Bwana akashuka kwenye yule farasi mwekundu aliyebaki, viatu vimejaa tope.

"Memsabu wapi?"

Nikatandika mkeka mbele ya hema, mimi nikasimama mlangoni. "Karibu, Bwana. Keti."

"Memsabu wapi?"

"Yupo, mzima. Keti kwanza. Umekuja na nani?"

Akatazama nyuma yake. "Na farasi."

Jama akaanza kukohoa, akaingiza kichwa nyuma ya tandiko.

"Bwana," nikamwambia, "mke haendewi hivi. Huji peke yako na matope yako ukauliza wapi. Memsabu hapa hana baba wala kaka, basi leo wa upande wake ni mimi. Kabla hujamwona, uniambie mimi: amekukosea nini? Wewe umemkosea nini? Na akirudi nyumbani, atakuta nini ambacho siku ile hakikuwapo?"

Kuna mayaya waliofukuzwa kwa kuvunja kikombe, nami hapa nimemsimamisha mwenye nyumba kwenye mlango wa hema lake. Yeye akawa mwekundu mpaka masikioni. Nikangoja matusi. Kumbe akavua kofia, akaketi juu ya mkeka kama nilivyomwambia, akaishika ile kofia magotini.

"Yeye hapana kosa," akasema. "Mimi iko mbaya. Tangu vita mimi hapana weza lala ndani ya nyumba. Kama iko ukuta, iko dari, mimi hapana sikia nani nakuja."

Akanyoosha kidole kule kwenye kamba. "Burma, mimi lala na nyumbu ya mizigo. Nyumbu nakula, hapana mtu nakuja. Nyumbu naacha kula, mimi amka. Sasa nyumba kimya sana, mimi piga kelele usiku, mtoto nalia. Memsabu sema, basi, twende ziwa, twende lala karibu na farasi. Yeye tangulia kutengeneza. Mimi maliza kazi, fuata."

Kaka, nilitamani ardhi inimeze na leso zangu. Kumbe hakuna mke aliyetoroka, na sauti zile za usiku hazikuwa za ugomvi. Kumbe alikuwa akiitazama ile njia kwa kumngoja mumewe. Nikabaki nimesimama, sijui nimpe chai au nimwombe radhi, nikampa chai, nayo nikasahau kuitia majani. Akainywa vile vile.

Memsabu aliporudi akamkuta Bwana mkekani ananywa maji ya moto, mimi nimejiziba uso kwa buibui. Bwana akamweleza kwa Kizungu. Memsabu akacheka mpaka akaketi chini. Halafu akaacha kucheka, akaja akanishika mkono, akasema, "Asante, Mishi. Mimi hapana watu hapa." Macho yake yalikuwa na machozi. Sasa niambie, nilikuwa nimekosea au sikukosea? Mpaka leo sijui.

Baadaye Memsabu alikuwa akimpiga brashi yule farasi mwekundu, nami nikajikaza nikamuuliza. Nikasema, "Memsabu, huoni haya? Watu wakijua mumeo analala nje, si watasema umemfukuza?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua Kiswahili. "Lakini mimi nalala nje na yeye," akasema. "Haya ya nini?"

Nikaondoka pale nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Alfajiri nilipoamka kutia udhu niliwaona. Vitanda vyao vya kukunja vimo hemani, vitupu. Wao wamelala majanini, mablanketi yamelowa umande, hatua chache kutoka miguu ya farasi, na farasi wanatafuna. Bwana alikuwa amefunua mdomo kama mtoto. Nimefanya kazi kwao muda wote huu na sijapata kumwona amelala hivyo. Niliswali, na Mungu anisamehe, sikumbuki nilisoma nini.

Tangu siku ile Hamisi hanitoki. Nalikoroga hili jambo na haliivi. Labda naye alikuwa akisikiliza nani anakuja. Labda pale barazani alikuwa akisikia watu wanaorudi kutoka kivukoni, mbuzi wa jirani, na akiwasikia analala. Au labda najidanganya, na kweli ilikuwa joto. Au kuna mwanamke, kama walivyosema kisimani, na mimi nataka kumpamba kwa vita. Mbona hakuniambia? Huyu Mzungu amenieleza yote kwa Kiswahili cha kuombea maji, na Hamisi aliye na Kiswahili chote cha Mtongwe akanipa "ndani joto". Hapo hasira inanirudia, nasema talaka na idaiwe. Kisha nakumbuka kwamba mimi nilimuuliza mara moja tu, tena mlangoni, nimeweka mikono kiunoni, na kisimani wananingoja. Nashindwa, kaka. Nageuka huku, nageuka huku.

Basi nakuomba hivi. Talaka usiidai, si kabla ya Maulidi wala baada yake, mpaka umeonana na Hamisi. Na usionane naye mbele ya wazee, hatasema kitu, ataulizia bei ya samaki. Mchukue, muwe peke yenu, mtembee hata mpaka kijijini Shika Adabu na kurudi. Usimuulize kama ananitaka, maana atajibu ndiyo, wanaume wote hujibu ndiyo. Muulize siku hizi analala wapi, na kwa nini. Akikwambia joto, nyamaza, endelea kutembea naye. Mpe nafasi ya kusema neno la tatu. Kwa ulivyonirudisha siku ile bila kuuliza, nakudai deni hili, na nadhani unalijua.

Akisema analala ndani vizuri, na hana la kueleza, basi nimekosea tena, nawe fanya ulivyopanga. Nitalia nitanyamaza.

Mnisalimie Mama sana, mbusu mkono kwa niaba yangu. Msalimie wifi na tumbo lake. Ami yetu msuka makuti, mwambie nimelala ndani ya hema na paa lake la makuti linalishinda. Shangazi Mwanaasha wa Bofu, aliyeninyonyesha Mama alipougua, mwambie simsahau katika dua. Na somo wangu Bi Riziki, mpe salamu, ila habari ya farasi usimwambie, atasema hakunifunda kupanda wanyama.

Na Hamisi pia, akisema bado yuko nje. Sijui nimsalimie vipi, mke asiyejua kama ni mke. Mwambie tu barazani watu wanapita mno. Mwambie nyuma ya nyumba kuna uani, kuna ukuta wa makuti, mbuzi wa jirani wanasikika vizuri, na mkeka mkubwa ukitandikwa pale unatosha watu wawili.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja,
Mishi binti Bakari