Zamu Yangu ya Maji

Mwanangu Isaura,

Salamu nyingi za upendo zikufikie wewe, mumeo na mjukuu wangu Nazario. Natumai nyote ni wazima na baridi ya Denver imeanza kuwaachia. Mimi sijambo, goti tu ndilo korofi. Jirani yetu Fidencio bado ananiletea pilipili zake za mwaka jana ili nizisifie, nami nazisifia ili aondoke.

Umeniandikia kwamba mtakuja mwezi wa saba kwa misa ya mwaka mmoja wa mama yako, na kwamba ukitoka kanisani unataka kukaa bustanini kwake. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, na mkono ni mzito.

Unakumbuka mama yako, Crescencia wangu, alivyong'oa nyasi zangu zote mbele ya nyumba akapanda vichaka vya nyikani, chamiso za maua ya njano na yale maua mekundu membamba tunayoyaita jarritos. Fidencio alisema Crescencia ameleta malisho mlangoni na mbuzi wake ni mimi. Nilinung'unika, maana mimi ni mtu wa mfereji tunaogawana na majirani kumwagilia mashamba, miaka arobaini sijawahi kuiacha zamu yangu ya maji ipite bure. Mama yako akanionya kwamba mimea ile imezoea kiu, tukiionea huruma tutaiua. Mwaka wa tatu ikachanua mpaka watu wakawa wanasimamisha magari. Nikafyata mkia.

Kabla ya Krismasi nilikuandikia kwamba fuko wamekula mizizi yote. Nilikudanganya. Hakukuwa na fuko hata mmoja.

Baada ya mazishi mliondoka nyote, na mimi sikujua niifanyie nini mikono yangu. Kila Alhamisi, zamu yangu ikifika, nilifungua mfereji nikayaelekeza maji yote kwenye bustani ile. Chamiso zikaanza kulegea. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Mwezi wa tisa nilivuta kichaka kimoja kikatoka chote mkononi, mizizi myeusi, inanuka. Fidencio alikuja kuona, na safari hii hakunitania.

"Ndugu yangu," alisema, "hivi vilitaka uviache tu."

Nilikaa palepale kwenye tope nikalia, mwanangu, wala si kwa ajili ya vichaka. Kuna jambo nimewaficha.

Niliwaambia kwamba mama yako mwenyewe ndiye aliyeitaka dawa ile ya mwisho ya saratani, iliyomtapisha na kumlaza hospitali wiki tano mpaka akafia huko. Si kweli. Mwanzoni mwa mwezi wa sita alinishika mkono mezani akasema, "Abenicio, imetosha. Niache hapa nyumbani kwangu." Nikamwambia atakufa. Akasema anajua. Nilimsihi siku nne nzima, hakukubali. Siku ya tano nikamwambia kwamba wewe umenipigia simu ukilia, unamwomba ajaribu mara moja tu. Hukupiga simu. Hukujua lolote. Nilitumia jina lako kwa sababu langu lilikuwa limeshindwa.

"Basi, kwa ajili ya Isaura," akasema, akaenda kufungasha nguo.

Asubuhi tulipoondoka jarritos zilikuwa zimechanua. Aliniomba nisimamishe gari azitazame kidogo. Nikamwambia tutachelewa, atazitazama akirudi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Misa ni tarehe kumi na tisa, saa nne. Ukija, mbele ya nyumba utakuta udongo mtupu, na chumba chako nimekipaka chokaa. Usipokuja sitauliza kwa nini, na Padri nitamwambia mtoto anaumwa. Mbusu Nazario kwa niaba yangu. Mumeo mpe salamu, na barua hii mwonyeshe ukitaka.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Abenicio