Pakiti ya Tatu

Mdogo wangu,

Pakiti zako tatu zimefika. Huku salama; bati la jikoni bado linavuja, na paka kazaa tena kabatini.

Umeniomba nikuchagulie majani ya kuuza dukani kwako, maana mwonjaji chai ni mimi. Basi nimeyaonja kama kazini: maji yanayochemka, dakika tano, navuta kwa kelele, natema. Ya kwanza ina rangi nzuri lakini haina nguvu, kama maji ya kuoshea vikombe. Ya pili ilihifadhiwa karibu na sabuni, mrudishie aliyekuuzia.

Ya tatu niliijua kwa harufu tu. Majani makubwa, vumbi la chai kidogo, na ile chembe ya majani yaliyokaushwa kwa moshi ambayo wenzangu wanasema inaharibu chai. Mchanganyiko huo hauuzwi popote. Nimeuandaa kwa mikono yangu miaka kumi na moja, kwa ajili ya mume wangu tu. Alipoondoka alisema, "Nimepata kazi mbali, nikifika nitaandika." Nikamfungia kopo zima. Hajaandika.

Wewe umeandika: "Hii ya tatu nimepewa na rafiki." Naona hakukwambia nani aliichanganya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kitaniomba pia nikichagulie chai.

Kazini hatumezi. Hiyo ya tatu nimeimeza yote, ikiwa imeshapoa.

Msalimie shemeji yako, kama bado unamwita hivyo.

Dada yako wa tumbo moja