Vigelegele kwa Giaboksi

Mpendwa mama,

Mashine yangu imepona. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo, ungeniuliza kabla hata ya kunikaribisha kiti.

Unamkumbuka Mabaka, ng'ombe wetu wa Nyamuswa? Kila jioni ulimwekea kiganja ubavuni, naye mzima, hana hata kupe. Baba alikutania kwamba unamjali ng'ombe kuliko mume. Ukamjibu, "Mnyama hasemagi. Ukimzoea akiwa mzima, siku akiumwa utajua."

Jioni ile uliposema Mabaka anaumwa, baba alicheka. "Anakula, anakamuliwa, unataka kumuuguza nini?" Ukamwita daktari wa mifugo hivyo hivyo, naye akakuta homa imeshaanza. Hukushangilia sindano. Vigelegele ulivipiga siku Mabaka aliporudi malishoni, majirani wakadhani tumepata mkwe.

Sasa nafanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa upepo, kilimani nje ya Musoma. Kule juu ya mnara, nyuma ya mapanga yanayozungushwa na upepo, kuna giaboksi, sanduku la gia linaloongeza mwendo. Nimeifungia vipima mtetemo, na oili yake naichunguza kama ina chembe za chuma. Miezi yote ilipokuwa nzima nilipima tu. Wenzangu wakaniita nesi wa vyuma.

Mwezi uliopita mtetemo ulibadilika kidogo. Nikasema tuzime. Bosi akanitazama, "Inazunguka, inatoa umeme, unataka tuzime nini?" Mama, nilitamani kucheka, nilimsikia baba kabisa. Ila nilijua nikikosea kibarua kimeota nyasi, na nikinyamaza giaboksi nzima itasagika. Nikasema tuzime, lawama ziwe zangu.

Tulipofungua, beringi moja inayobeba gia ilikuwa imeanza kumeguka. Gia zote zilikuwa salama. Wakataka kunipongeza palepale, nikawaambia bado.

Leo asubuhi, beringi mpya ikiwa ndani, mapanga yakaanza kuzunguka. Nikaweka kiganja kwenye mnara, ingawa vipima vilishaniambia yote. Kisha nikapiga vigelegele vyako, vikateremka hadi ziwani. Bosi naye akajaribu. Hajui kabisa, lakini alijaribu.

Nimeshinda, mama, na najivuna bila aibu. Nilimpigia baba simu kumweleza. Akauliza taratibu, "Na yenyewe ulikuwa unaigusaga ikiwa nzima?"

"Kila siku, baba."

"Basi mama yako yupo."

Pumzika, mama. Kesho napanda tena kuipima, nzima hivyo hivyo.

Binti yako,
nesi wa vyuma