Maneno Mia ya Herufi Tano

Jumatatu, 3 Machi

Bwana Mkwe ana wazo jipya. Mungu atuhurumie. Mtu sifa yake pekee ni kumwoa binti wa mzee mwenye kiwanda — akalala bwana harusi, akaamka meneja wa uchapaji.

Wazo lenyewe: vijitabu vya Kiingereza. Kila kimoja kina herufi moja na urefu mmoja. Cha kwanza, maneno mia ya herufi tano yanayoanza na S. Hakuna sentensi wala mfano, orodha tu kama majina ya wafungwa. Eti watu wa siku hizi wanapenda vitu vifupi. Alikuwa anatuhutubia huku amekaa juu ya meza yangu. Juu ya prufu zangu, kurasa zinazongoja kusahihishwa! Miaka ishirini na sita nasahihisha hapa, nimenyoosha hotuba za wakubwa wasiojua pa kuweka nukta, lakini kazi yangu haijawahi kukaliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Orodha imefika. Spoon, sugar, skirt, sheep. Mpaka hapo hewala. Halafu neno la tisini — schol. Nikadhani ni miwani. Nikaifuta. Stret. Sistr. Sumer. Silvr. Kumi na moja ya namna hiyo!

Nikaenda ofisini kwake. Alikuwa anachokonoa meno kwa ncha ya kadi ya mwaliko. Nikamwambia, school ina herufi sita. Akasema anajua. Anajua! Yeye alipata maneno themanini na tisa tu, na jalada limeshachapwa "Maneno Mia", basi yale yaliyozidi herufi moja ameyapunguza. Kama fundi cherehani na suruali ya mteja. Nikasema kamusi ina maneno ya S ya herufi tano ya kumwaga, aifungue tu. Akacheka.

"Mama Koma, wewe shughulika na koma zako. Nani atahesabu?"

Haya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegonga muhuri wa SAHIHI na kutia saini. Ningeweza kuyarekebisha kwa dakika kumi, kimyakimya, kama ninavyowafichia aibu wajinga wa humu siku zote. Sikutaka. Kiende hivyohivyo. Walimu watakiona, simu zitalia, mzee atauliza, na mkwe wake atatafuta pa kuuficha ule uso.

Fundi wa mashine akaniuliza, "Dada, hiki umekisoma kweli?" Nikamwambia awashe mashine. Akaniangalia. Akawasha.

Leo chakula cha mchana kimenishuka vizuri sana.

Jumatano, 19 Machi

Hakuna simu! Nakala elfu tatu zimeshasambaa, hakuna hata mmoja aliyeona. Leo amekuja mwalimu mkuu, tai mpaka kitovuni, kuagiza nyingine. Akausifu "mpangilio". Mpangilio! Amekishika kijitabu kikiwa wazi ukurasa wa mwisho, schol inamtumbulia macho, naye anatikisa kichwa kama mjusi. Ndio hao wanaofundisha watoto wa watu.

Bwana Mkwe ameanza herufi T. Anatembea kifua mbele.

Dunia nzima vichwa maji. Wakati mwingine nachoka kuwa peke yangu mwenye macho.

Jumapili, 30 Machi

Nimetoka kwa mdogo wangu.

Nilimkuta anakunja nguo huku anahesabu kwa vidole. S — dole gumba. U. G. A. R — kidole cha mwisho. Nikamuuliza umeingiwa na nini? Kumbe hospitalini kwao kuna nafasi za mapokezi. Miaka kumi na minne anasugua masufuria jikoni, mikono imekuwa kama ya mzee wa kiume. Safari hii wameruhusu hata watu wa jikoni waombe. Sharti ni imla ya Kiingereza: unasomewa neno, unaliandika. Ni Jumatano hii.

"Nimenunua hiki," akasema. Akakitoa chini ya mto. Kurasa zimelainika kama kitambaa. "Herufi tano, dada. Kila kidole na yake, haziniponyoki."

Akakigeuza nyuma, kwenye jina la kiwanda. "Nilipoona ni chenu nikasema basi. Kimepita mikononi mwa dada, hakina kosa."

Kisha akafumba macho akanipa stret. Vidole vitano. Hakusitasita hata kidogo.

Nikamfokea. Sijui kwa nini nilianza na hilo. Mbona hukuja kwangu? Una dada anayekula kwa Kiingereza, unajifundisha kwa takataka ya dukani!

Hakukasirika. Aliendelea kukunja shuka. "Nilikuja, dada. Mwaka juzi. Ukasema kichwa changu sufuria, kimezoea kusuguliwa tu."

Sikumbuki kusema hivyo. Ila ni maneno yangu, nayajua kwa harufu.

Nikachukua kalamu nikayasahihisha yote kumi na moja. Nikasema nakala yake imeharibikia mashineni. Yake tu, bahati mbaya. Akanipa pole! Eti wamenichafulia kazi yangu. Tukakaa mpaka jua likapungua, namsomea, anaandika. Street. Sister. Anashika haraka sana. Haraka kuliko fundi, kuliko Bwana Mkwe, kuliko nilivyoshika mimi. Sikumwambia hilo pia.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemwambia Bwana Mkwe vijitabu virudishwe. Hakubishana. Alivuta droo, akatoa prufu, akaniwekea mbele muhuri na saini yangu. Akauliza kwa upole kabisa kama huo mwandiko ni wa nani.

Mpumbavu huyu. Safari hii hata kumtukana sikuweza.

Jumatano, 2 Aprili

Hospitalini, kwenye benchi la nje ya ukumbi. Imla ni saa nne kamili. Sasa ni saa nne kasoro robo.

Nimemsindikiza. Amevaa blauzi yangu ya kijivu, imemkaa kuliko inavyonikaa mimi. Yuko shwari. Mimi ndiye ninayetafuna kifuniko cha kalamu.

Nilidhani yuko peke yake. Wako saba pamoja naye! Wanawake wa jikoni na wa kufulia, wamesimama kule mwisho wa ujia, midomo inachezacheza, vidole vinahesabu. Kila mmoja ana kijitabu kwapani. Kumbe yeye ndiye aliyewaambia wanunue. Aliwaambia dada yake ndiye msahihishaji.

Hakuwaambia kuhusu yale kumi na moja. Kwa nini awaambie? Nilisema ni nakala yake tu iliyoharibika.

Nimewaona wakija kabla sijapata pa kujificha. Mbele yuko mfuaji shuka mmoja mnene, mtu wa makamo. Amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Shikamoo, mwalimu. Hatukupata kuelewa kitabu cha Kiingereza maishani mwetu, ila chako tumekielewa. Tuulize neno lolote."

Mwalimu!

Mdogo wangu amesimama nyuma yao. Anatabasamu, anangoja nichague neno. Ana fahari na mimi — na mimi! Nikisema, wale sita watapona. Na yeye atajua nilimdanganya, hapa hapa, mbele ya wenzake, ukiwa umebaki muda mfupi wa kuingia kuandika. Nikinyamaza, ataingia ametulia, na nafasi ni mbili tu.

Nimewaambia wanisubiri kidogo, kuna jambo namalizia kuandika.

Wamerudi nyuma hatua moja. Wananyamazishana wasinisumbue. Karani ametoka na karatasi ya majina, anatafuta miwani yake mfukoni. Hawaendi kwake. Wanangoja nimalize, kwa adabu, wote saba. Wanadhani ni kitu cha maana ninachoandika