Mlango Unaotazama Barabara

Baba,

Watu bado wanakuita Meya. Jumapili iliyopita nilipita soko la Kibuye, hapa Kisumu, kununua omena, na yule mama wa mitumba akanipigia kelele, "Binti wa Meya, unapita tu hivyo?" Cheo chenyewe kilifutwa kaunti zilipokuja, na ule mkufu uliokuwa ukiuvaa shingoni sijui umefungiwa kabati gani. Lakini sokoni hujastaafu. Wananyeshewa bado, sitakuficha. Lile paa ulilowaahidi hakuna aliyelijenga, na wanakusema kwa hilo mpaka leo, kisha wanauliza kama kaburi lako linatunzwa vizuri.

Nilikumbuka ulivyokuwa ukinipitisha pale baada ya kanisa, viatu vinanibana, nalia nataka nyumbani, nawe umesimama unagombezwa na wauza viazi. "Meya hana Jumapili, Akinyi." Nilikichukia sana hicho cheo chako.

Lakini ninalotaka kukuambia ni habari ya nyumba yako ya Bondo, kijijini kwetu.

Baba, ulikuwa na kichwa kigumu! Ulianza ukiwa karani wa manispaa, ukawa diwani, ukawa meya, ukahangaikia makao ya kila mtu isipokuwa yako. Kila Krismasi Baba Mdogo Oketch, ndugu yako wa pekee, alikuonyesha kiwanja chako kwenye boma la babu. Kila Krismasi ulimjibu, "Mwakani, omera, ndugu yangu." Ukazeeka katika nyumba ya kupanga na hiyo mwakani yako.

Kisha ukafa. Baba Mdogo akaniuliza kwenye simu, "Ataletwa alale wapi?" Unajua mila zetu. Mwanamume hulala usiku wake wa mwisho ndani ya nyumba yake, na asiyekuwa nayo hujengewa haraka kabla jeneza halijafika. Aliyepaswa kusimamia kazi hiyo ni yeye. Akasema, "Mwacha asili ni mtumwa. Mimi sishiki hata msumari." Mimi ni binti, na kwetu binti hamjengei babake. Nilikaa nje ya mochari nikikulilia na kukugombeza kwa pamoja. Niliogopa utabaki getini kama mgeni.

Waliokuokoa ni watu wa mtaa wa Nyalenda, kule mjini. Mama Atieno, yule anayeuza maji kwenye bomba ulilopigania enzi zako, alikusanya mafundi, mbao na mabati, wakapanda lori wakaenda Bondo. Baba Mdogo hakuwafukuza. Alikaa mlangoni kwake, mikono kifuani, akiwatazama. Walimaliza, wakafagia, wakatusubiri.

Tulipoingia na jeneza, Baba Mdogo aliizunguka ile nyumba kwa mara ya kwanza. Akashika kichwa. "Yawa! Nyumba imeligeuzia lango mgongo!"

Kweli, Baba. Kwetu mlango hutazama lango la boma. Mafundi walijenga walivyozoea Nyalenda, ambako mlango hutazama njia, maana mteja hutoka njiani. Wako ulikuwa umegeukia barabara ya Kisumu. Mama Atieno alijifunika uso kwa leso. Vijana wamekubeba mabegani, mvua inanukia, na kila mtu anamwangalia Baba Mdogo. Angesema hapana, ungerudi mochari. Sijawahi kuogopa hivyo.

Aliutazama mlango, akaitazama barabara. Halafu akasema, "Hata amekufa bado anatazama Kisumu! Mwingizeni." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Ndugu yako, Baba, ambaye hatukuwahi kumwona akilia.

Aliapa lakini kwamba matanga yakiisha ataivunja. Kwa hiyo wiki jana nilikwenda na fundi tuugeuze mlango, nimwombe aiache. Nilimkuta ameketi kwenye huo mlango, kwenye kiti chako cha kamba, redio ikiwa miguuni. Wafanyabiashara wa Kibuye wakienda soko la Bondo husimama hapo, humwachia pole na habari za mjini, naye huwapa chai. Anawajua kwa majina. Anajua hata bei ya nyanya! Alipoona nyundo ya fundi alisimama. "Ukiugeuza huu, mimi nitamwona nani?"

Kisha akaniuliza, taratibu, kama kweli uliwahi kushuka mtaroni na suti yako siku bomba la Nyalenda lilipokuwa linachimbwa. Hukuwahi kumwambia. Nilikaa chini nikamsimulia. Alisikiliza, akitikisa kichwa, akisema, "Mjinga huyu. Mjinga huyu," huku akipangusa macho.

Mlango tumeuacha, Baba. Ameomba rangi, ya buluu, wanaotoka mjini wauone kwa mbali. Lala salama nyumbani kwako. Rangi nitaipeleka Krismasi, na nitaipaka mwenyewe.

Krismasi hii. Si mwakani.

Binti yako,
Akinyi