Vitabu vya Karata Alivyonichagulia Dada

2 Februari

Dada,

Shikamoo. Vipi hapo nyumbani, na miguu ya Mama inaendeleaje? Mimi nipo, napumua, ila uchovu. Watu huchoka kwa siku moja wakalala wakapona. Mimi nimechoka kwa miaka minne. Bado niko kule kule, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashine ya kupiga pasi mashuka. Shuka linaingia huku, linatoka kule, nalikunja, jingine hilo. Jamani, watu wa hapa wanaumwa bila kupumzika!

Sasa usikasirike. Ng'ambo ya barabara kuna kasino. Mwenzangu wa zamu ya asubuhi ananiambia blakijeki, ule mchezo wa kufikisha ishirini na moja, kuna watu wanaushinda kwa kuhesabu karata, na elimu yake imo vitabuni. Wewe unauza vitabu vya mitumba, na kwetu ni wewe peke yako uliyewahi kukaa kwenye meza hizo. Najua ulimwapia Mama. Sikuombi ucheze. Nakuomba unichagulie kitabu tu. Akiba yangu yote iko chini ya godoro, nataka kuiweka mezani mara moja nitoke kwenye mvuke huu.

Mdogo wako

19 Februari

Kitindamimba,

Marahaba. Mama hajambo, miguu inavimba jioni, asubuhi inanywea. Anauliza mbona husemi unakula nini.

Barua yako niliifungia kwenye droo, nikaitoa, nikaifungia tena. Una wazimu wewe? Miaka sita sijashika karata, hata za watoto. Umesahau kwamba niliuza cherehani ya Mama, nguo ya mteja ikiwa bado imo kwenye sindano? Siku ile niliapa mbele yake, na hiki kibanda cha vitabu alinifungulia yeye. Nikirudi mezani sina pa kushika tena. Hilo ulijue kabla sijaendelea.

Lakini nakujua ulivyo king'ang'anizi. Nikikataa utaokota kile chenye picha ya mtu anayecheka juu ya gari, uliwe siku ya kwanza. Basi sikiliza. Kitabu cha karata, jalada lake litazame mwisho. Fungua katikati. Hakina majedwali? Weka chini. Mwandishi hasimulii hata siku moja aliyoliwa? Mwongo huyo, weka chini. Halafu angalia kimeandikiwa mchezo wa pakiti ngapi, maana vya zamani vinafundisha pakiti moja, na siku hizi wanachezesha sita au nane.

Hiki cha kwanza hakina kuhesabu kabisa. Ni jedwali la lini uongeze karata na lini utulie. Likariri lote. Na huweki hata senti mpaka nikuambie. Niapie.

Dada yako

30 Machi

Dada,

Shikamoo. Mwambie Mama nakula vizuri, asinitafutie ugonjwa. Nimeapa, nimeapa tena, uridhike.

Jedwali nimelibandika ukutani juu ya mashine. Msimamizi alidhani ni ratiba ya zamu, akauliza yeye kapangwa siku gani! Nimelishika lote, nakosea mawili matatu tu nikiwa na usingizi, na usingizi ninao kila saa. Nitumie cha kuhesabu.

Mdogo wako

14 Aprili

Kitindamimba,

Marahaba, na pole na kazi. Mama anakusalimu. Anasema hakuamini kuhusu kula.

Cha pili hiki hapa. Mbili hadi sita, ongeza moja. Saba, nane na tisa, ziache zipite. Kumi, picha na ree, punguza moja. Pakiti nzima ikiisha lazima urudi sifuri. Usiporudi, umepoteza njia, anza upya. Fanya mazoezi redio ikiwa inapiga kelele na mtu anakusemesha.

Sura ya tatu imeandikwa vibaya, nimekuwekea maelezo kwa penseli. Ilibidi nijaribu mwenyewe nione kama inaeleweka, nikanunua pakiti moja tu, kwa ajili yako. Kuihesabu yote, sekunde arobaini. Halafu thelathini na mbili. Mama alikuwa amelala, hakuona.

Dada yako

9 Juni

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, nilikuwa nalala. Sitanii. Natoka kazini, nakaa kitandani, nafungua karata, naamka zimenibandika shavuni. Leo nimemaliza pakiti nikapata tano. Jana nilipata kasoro mbili. Sifuri hiyo naisikia tu.

Lakini Dada, umenunua karata?

Mdogo wako

2 Julai

Kitindamimba,

Marahaba. Sote wazima.

Hiki ni cha tatu: namna ya kugawa hesabu yako kwa pakiti zilizobaki, ndipo ujue uongeze dau au ulipunguze. Kilikuja kwenye gunia la vitabu vya mwalimu mmoja marehemu. Nimekisoma mara mbili, kizuri mno, mtu kaandika kwa akili zake timamu. Usikurupuke. Rudia cha pili kwanza mpaka kikutoke puani.

Karata zisikuumize kichwa. Nimefika sekunde ishirini na moja. Siku hizi nafunga kibanda saa sita mchana, napumzika kidogo.

Dada yako

28 Agosti

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta vizuri, na nina maana hiyo kweli.

Nimeachana nayo. Jumamosi baada ya kazi niliingia kule ng'ambo, mkono mmoja mfukoni, mwingine mtupu, kuangalia tu. Unajua nilichokiona? Mezani kuna mashine. Karata zikishachezwa mgawaji anazirudisha humo humo, zinachangwa papo hapo. Hakuna cha kuhesabu! Miezi sita najitesa, na kitu chenyewe kiko hatua hamsini kutoka kazini kwangu. Nikacheka mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Na Dada, nilifarijika. Nililala siku nzima ya Jumapili. Fundi wa mashine za kufulia amekubali kunifundisha kazi yake, nianze mwezi ujao.

Sasa nijibu moja tu. Saa sita mchana unafunga kibanda unakwenda wapi?

Mdogo wako

20 Septemba

Dada, shikamoo. Sijapata jibu. Mama hajambo? Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako

11 Novemba

Kitindamimba,

Marahaba. Mama ni mzima wa mwili.

Nilikuwa nakuchelewesha. Hukujua? Nilisema nimrundikie kitabu juu ya kitabu, huyu ni mvivu wa kurudia, atachoka kabla hajaweka dau. Umechoka, na namshukuru Mungu kwa hilo. Ila kukuchagulia kulitaka nisome, na kusoma kulitaka karata, na kasino ya hapa wanachanga kwa mkono, pakiti sita.

Hesabu sikuikosea hata siku moja. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa natoka na faida. Kitabu cha tatu kinasema wazi: ukifika kiwango ulichojiwekea, inuka. Nimepapigia mstari hapo kwa penseli yangu mwenyewe. Sikuinuka. Vitabu vyote vya kibanda nimeviuza kwa kilo kwa wauza mayai wafungie, na ufunguo nimeurudisha. Mama nilimwambia jana. Hakulia, wala hakunitukana. Aliomba nimgeuzie kiti, akakaa kunipa mgongo.

Mdogo wangu, nisikilize vizuri, leo akili yangu imetulia. Usinitumie pesa. Za Mama mpelekee jirani yetu wa duka la dawa, amfikishie mkononi. Na ikija barua yangu yoyote inaomba, hata nikiapa, hata nikisema Mama anaumwa, usiifuate. Nimeandika hii mapema kwa sababu najijua.

Nisamehe.

Dada yako

3 Desemba

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Kazi inaendaje na huyo fundi? Huku si kuzuri. Mama kashikwa tangu juzi, daktari anataka vipimo, na wanataka walipwe kwanza. Ile barua ya mwezi uliopita ipuuze, nilikuwa na homa, sikumbuki hata nilichoandika. Tuma kwangu mimi, siyo kwa huyo wa duka la dawa, ana maneno mengi.

Nusu ya akiba yako inatosha. Naapa kwa Mama, ni ya vipimo. Fanya leo, tafadhali, usiiache mpaka kesho.

Dada yako