Pete ya Bluu Juu ya Maziwa

Mama Aline, mke wangu,

Nakusalimu kutoka Kirolirwe, penye baridi na ukungu. Bado nabeba bidoni za maziwa. Barabara imetulia kidogo, ndiyo maana daktari wa ng'ombe ameweza kupanda kutoka Goma.

Leo alipima maziwa ya Mama Rehema, mwenye nyumba ninamolala, akitafuta ugonjwa unaoharibu mimba za ng'ombe na kuwaambukiza watu kwa maziwa mabichi. Vita vimemwachia ng'ombe mmoja tu, na mimba za ng'ombe huyo zinaharibika. Mkaza mwana wake ni mjamzito, naye hunywa maziwa hayo mabichi. Daktari hudondosha ndani ya chupa ya maziwa dawa ya bluu yenye vijidudu vya ugonjwa huo vilivyokufa. Ng'ombe akiwa mgonjwa, askari wa mwili waliomo katika maziwa huvikamata vijidudu hivyo, na mafuta yakielea huvipandisha juu vikawa pete.

Pete haikutokea. Mama Rehema akacheka. "Munaona? Ngombe yangu iko muzima."

Daktari akaitazama tena ile chupa. "Mama, mafuta ya hii maziwa iko wapi?"

"Iko mu chai yako, Docteur. Kwangu mugeni hapewake chai tupu."

Daktari akasogeza kikombe pembeni, akaomba maziwa ambayo hayajaenguliwa. Tukangoja. Pete ikapanda, bluu kabisa.

Mama Rehema alimwaga kikombe cha maziwa cha mkaza mwana wake, kisha akampelekea ng'ombe majani kama kawaida.

Wachemshie watoto maziwa, hata kama anayewauzia ni ndugu. Nawawaza nyote.

Papa Aline